La Mgambo Likilia, Nani Anasikia?

Mazungumzo ya redio ya wiki hii, tunayachapa kama yalivyosomwa hewani

Bomba la maji likipasuka mtaani, wa kwanza kujua si wakubwa wa idara ya maji. Wa kwanza ni watoto, ambao hupata mahali pa kuchezea. Wa pili ni mama lishe anayepikia kando ya njia, ambaye huona maji yanakuja taratibu mpaka kwenye mafiga yake. Mama huyo ataacha sufuria, atakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi na kumwambia, "Shikamoo mzee. Bomba la pale mwembeni limepasuka." Mjumbe atavaa miwani, atafungua daftari, ataandika na kutia tarehe. "Marahaba, mwanangu. Nimeshaliandika. Nenda kaendelee na shughuli zako."

Wiki mbili baadaye maji yangali yanamwagika. Mama akirudi kuuliza, mjumbe anafunua daftari na kumwonyesha kwa kidole: hili hapa, limeandikwa, na tarehe yake ipo. Mzee yule hakusema uongo. Wakati huo huo fundi bomba yuko upande wa pili wa mji, amekaa juu ya kisanduku chake cha spana, anangoja kazi. Naye si mvivu. Hana habari tu.

Hapa kila mtu ametimiza wajibu wake, na bado maji yanamwagika. Kilichokosekana ni njia inayotoka kwenye daftari kwenda kwa fundi.

Wiki hii nataka tuizungumzie njia hiyo. Lakini fundi ninayemkusudia si wa mabomba. Ni fundi wa programu za kompyuta, na daftari ninalolikusudia ni lile la kuandikia kasoro za programu hizo. Najua baadhi yenu mtasema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, sisi hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Ukituma fedha kwa simu, ukinunua umeme wa kulipia kabla, ukipimwa hospitali na majibu yako yakaingizwa kwenye kompyuta, unategemea maandishi yaliyoandikwa na binadamu kama mimi na wewe, anayechoka na kukosea. Hakuna programu isiyo na kasoro. La muhimu ni muda unaopita tangu mama lishe aone maji mpaka fundi ashike spana.

NYUMBA TATU

Ili tuelewane, tuanze na mahali penyewe. Kazi ya programu kwa kawaida huendeshwa katika nyumba tatu.

Nyumba ya kwanza ni ghala la msimbo. Msimbo ni yale maandishi ambayo mafundi huiandikia kompyuta ili ijue la kufanya. Mwaka 2005 Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha Linux, alitengeneza chombo kiitwacho Git, ambacho hutunza kila badiliko la msimbo pamoja na jina la aliyelifanya, saa aliyolifanya na maelezo yake mafupi. Mwaka 2008 likafunguliwa kwenye intaneti ghala liitwalo GitHub, ambamo mafundi wa nchi mbalimbali huweka msimbo wao na kuufanyia kazi kwa pamoja. Ghala hilo lilipata umaarufu mkubwa hata kampuni ya Microsoft ikalinunua mwaka 2018 kwa dola za Marekani bilioni 7.5.

Nyumba ya pili ni daftari la kasoro. Mwaka 1998 mradi wa Mozilla ulitoa daftari la namna hiyo liitwalo Bugzilla, nalo likapokewa na miradi mingi. Mwaka 2002 vijana wawili wa Sydney, Australia, Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar, walianzisha kampuni ya Atlassian, ambayo daftari lake linaitwa Jira. Jina hilo lilikatwa kutoka Gojira, jina la Kijapani la lile dude la sinema linaloitwa Godzilla, kwa kuwa awali wenyewe walikuwa wakitumia Bugzilla. Katika daftari la namna hii kila kasoro hupewa namba, huandikwa hali yake, yaani ni mpya, inashughulikiwa au imekwisha, na huandikwa jina la anayeishughulikia.

Nyumba ya tatu ni baraza, mahali ambapo mafundi wanapatikana kila siku. Kwa wengine baraza ni barua pepe. Kwa wengine ni chumba cha mazungumzo kwenye kompyuta. Kwa fundi wa zamu, baraza ni simu iliyo chini ya mto wake usiku.

Mtu atauliza, kwa nini nyumba tatu? Kwa nini isiwe moja? Swali hilo ni la haki. GitHub yenyewe ina daftari lake la ndani, na kwa mradi mdogo linatosha kabisa. Lakini mara nyingi wanaoiona kasoro si wale wanaouandika msimbo. Ni makarani wa benki, wauguzi, wahasibu, watu wa huduma kwa wateja. Hao hawana shughuli katika ghala la msimbo, kama vile mama lishe asivyo na shughuli katika stoo ya mabomba. Wanataka daftari lao, kwa lugha yao. Hivyo nyumba hubaki tatu, na kazi iliyobaki ni kuziunganisha.

MFANO WA ELDORET

Tunao mfano hapa hapa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walikuwa wakitibu idadi kubwa ya wagonjwa wa UKIMWI. Dawa zilikuwa zimeanza kupatikana, lakini dawa hizo ni za maisha. Lazima ijulikane mgonjwa alianza lini, uzito wake ulikuwaje, na kama mwezi uliopita alifika kliniki. Mwaka 2004, kutokana na kazi hiyo, wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, wakiwamo Burke Mamlin na Paul Biondich, walianza kusanifu programu mpya ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ikaitwa OpenMRS. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuutumia bila kulipa. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikaanza Rwanda. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya vya nchi hizo mbili, imejengwa juu yake.

Sasa sikilizeni jinsi nyumba zao zilivyo. Msimbo wa OpenMRS umewekwa GitHub. Daftari lao la kasoro ni Jira, mahali pengine kabisa, chini ya kampuni nyingine. Na mafundi wenyewe wametawanyika katika mabara kadhaa, wengine ni wa kujitolea, na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Tabibu katika zahanati moja anaona kwamba mtoto aliyemwandikia kilo 9 anaonekana katika ukurasa mwingine kuwa na kilo 90. Si jambo la mzaha, kwa sababu dawa za watoto hupimwa kwa uzito. Tabibu anaandika katika daftari la kasoro. Mahali fulani duniani kuna fundi anayeweza kulirekebisha jambo hilo kwa jioni moja. Je, atajuaje? Na akishalirekebisha, tabibu atajuaje?

NAMBA MOJA KATIKA VITABU VIWILI

Jibu la kwanza ni rahisi kiasi kwamba watu hulidharau. Ni namba.

Kazi zinazohusu kiini cha OpenMRS hupewa namba inayoanza na neno TRUNK, kisha kistari, kisha tarakimu. Desturi ya mradi ni kwamba fundi anapopeleka badiliko lake GitHub, kichwa cha badiliko hilo kinaanza na namba ile ile ya kwenye daftari. Nyumba hizi mbili zikishaunganishwa, Jira husoma vichwa vya mabadiliko yanayoingia ghalani. Ikiona namba inayoifahamu, huonyesha kwenye ukurasa wa kasoro ile kwamba fulani ameleta badiliko, tarehe fulani. Kwa upande wa pili, mwenye mradi anaweza kuieleza GitHub kwamba kila iionapo TRUNK na tarakimu, iigeuze kuwa njia ya kubonyeza inayompeleka msomaji moja kwa moja kwenye ukurasa ule wa daftari.

Kwa wale wanaotumia daftari la ndani la GitHub, mambo ni mepesi zaidi. Fundi akiandika katika maelezo ya badiliko lake neno la Kiingereza lenye maana ya "limerekebishwa", likifuatwa na namba ya kasoro, basi badiliko hilo likishapokelewa katika msimbo mkuu, kasoro ile inafungwa yenyewe. Lakini hapo ni lazima tuonye: kufungwa kwenye daftari si sawa na kupona zahanatini. Toleo jipya bado halijafika kwa tabibu. Ofisi nyingi hujipongeza kwa wingi wa kasoro zilizofungwa, huku mgonjwa bado anasomeka kilo 90.

Faida kubwa ya namba huonekana baada ya miaka. Fundi mpya anakuta mstari wa msimbo usioeleweka, anataka kuufuta. Akiufuata kwa namba, anarudishwa hadi kwa tabibu na mtoto wa kilo 9, na anajua kwa nini mstari ule uliandikwa. Asipoikuta namba, ataufuta, na kasoro ya zamani itarudi ikiwa na nguvu mpya.

KENGELE BADALA YA KUULIZA

Jibu la pili ni kengele.

Kuna njia mbili za kujua kama umepata barua. Ya kwanza ni kumtuma mtoto posta kila saa akachungulie sanduku. Mara nyingi atarudi mikono mitupu, na siku barua itakapokuja huenda ikakaa humo karibu saa nzima kabla hajaiona. Njia ya pili ni tarishi kukugongea mlango barua inapofika. Kompyuta nazo zilianza kwa njia ya kwanza. Programu moja iliiuliza nyingine, "Kuna jipya?" na kujibiwa, "Hakuna," mchana na usiku. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Jeff Lindsay, aliupa mpango wa tarishi jina la webuhuku, maana yake ndoano ya mtandaoni. Sisi tuiite kengele.

Kengele hutegwa hivi. Mwenye mradi huingia katika sehemu ya mipangilio ya ghala lake na kuandika mambo matatu. La kwanza ni anwani ya intaneti ambako habari zipelekwe. La pili ni matukio ambayo yakitokea kengele ilie: badiliko limeletwa, kasoro imefunguliwa, mtu ametoa maoni. La tatu ni neno la siri. Tukio likitokea, GitHub huandika barua fupi yenye maelezo yote, nani, nini, lini, na kuipeleka papo hapo katika anwani ile. Anayepokea ni programu nyingine, ambayo huamua la kufanya: kuandika katika daftari, kutoa tangazo barazani, au kumwamsha fundi wa zamu.

Neno la siri lina kazi gani? Anwani iliyo kwenye intaneti ni kama mlango ulio barabarani. Yeyote anaweza kugonga na kujifanya tarishi. Mhuni akiijua anwani, anaweza kuleta barua ya uongo isemayo kwamba kasoro zote zimekwisha. Kwa hiyo GitHub huichukua barua pamoja na neno la siri, huvipitisha katika hesabu maalumu, na jawabu la hesabu hiyo hubandikwa juu ya bahasha kama muhuri. Anayepokea, kwa kuwa naye analijua neno lile, hupiga hesabu ile ile. Majibu yakilingana, barua ni ya kweli. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, anaitupa. Neno lenyewe la siri halisafiri kamwe. Pamoja na usalama huo, wako mafundi ambao hutega kengele bila neno la siri kwa kuwa wana haraka. Hao wameacha mlango wazi na kuweka bango linalosema kuna duka.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo fundi lazima ayajue. GitHub ikishagonga, hungoja jibu kwa sekunde 10 tu. Hivyo basi anayepokea asianze kuisoma barua yote mlangoni. Aseme "nimepokea", aiweke mezani, kisha aifanyie kazi kwa nafasi. Aidha, GitHub ikikuta mlango umefungwa, haiji tena yenyewe. Huandika katika kumbukumbu zake kwamba ilifika na haikupokelewa, basi. Ni juu ya mwenye nyumba kuzipitia kumbukumbu hizo na kuomba barua iletwe upya. Na ikiletwa upya, huja na namba yake ile ile ya awali, ili mpokeaji atambue kama alikwisha kuifanyia kazi.

Liko pia kosa la kuchekesha. Mtu anaitegea GitHub kengele iandike Jira, na Jira nayo anaitegea kengele iandike GitHub. Habari moja inaingia. Jira inaandika, GitHub inasikia kumeandikwa, nayo inaandika, Jira inasikia tena. Ni kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe" mpaka kunakucha. Dawa yake ni kuamua mapema ni daftari lipi lililo mama, lenye kauli ya mwisho, na lipi linalofuata.

KENGELE INAYOKUFA KIMYA

Ndugu wasikilizaji, kengele zina tabia moja mbaya. Zikifa, hazilii kutangaza kifo chao.

Kwa miaka mingi GitHub ilikuwa na utaratibu wake wa zamani wa kuunganisha ghala na huduma za nje, ambao ulikuwa umetayarishwa tayari kwa kila huduma. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba utaratibu huo utafungwa na watu wahamie kwenye webuhuku. Tarehe 31 Januari 2019 ukafungwa. Taarifa ilitolewa mapema, hilo lazima lisemwe. Lakini fikirini ofisi ambayo aliyeitega kengele alikwisha kuhama kazi, na taarifa ile ilikwenda katika barua pepe ambayo haisomwi na mtu. Kwao hapakutokea kishindo chochote. Pakawa kimya. Na kimya kina ubaya wake: hufanana kabisa na amani. Mkuu wa ofisi akiona wiki nzima imepita bila arifa ya kasoro, hushukuru Mungu, kumbe waya umekatika.

Njia ya kujikinga si ya gharama. Mara moja kwa mwezi, mtu aandike kasoro ya majaribio kwenye daftari, kisha aangalie saa yake. Je, imefika barazani? Imemfikia nani? Baada ya dakika ngapi? Wanaotunza ving'ora vya moto hufanya hivyo hivyo.

ORODHA YA ZAMANI

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mitambo. Sasa tuje kwa binadamu, maana mitambo yote ikifanya kazi barabara, bado yupo anayetakiwa kusikia. Na mfano wenyewe umetoka katika nchi tajiri, katika kampuni ambayo haikukosa fedha wala wataalamu.

Equifax ni kampuni ya mjini Atlanta, Marekani, inayotunza habari za mikopo ya watu: nani anadaiwa, nani hulipa kwa wakati. Baadhi ya mifumo yake ilitumia programu huria iitwayo Apache Struts. Tarehe 7 Machi 2017 watunzaji wa programu hiyo walitangaza kwamba wamegundua kasoro kubwa ya usalama, na siku hiyo hiyo dawa yake ikapatikana. Siku iliyofuata, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa kompyuta ikaitumia Equifax onyo. Tarehe 9 Machi kikosi cha usalama cha kampuni hiyo kikasambaza barua pepe kwa wafanyakazi zaidi ya 400, kikiagiza kila mwenye programu hiyo aitibu ndani ya saa 48.

Mpaka hapo, ndugu wasikilizaji, kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa. Kasoro imeandikwa, dawa ipo, kengele imelia, na imelia kwa sauti kubwa.

Lakini ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, katika taarifa yake ya Agosti 2018, ilieleza kwamba orodha ya watu waliopelekewa barua ile ilikuwa imepitwa na wakati. Wale hasa ambao wangetakiwa kuitia dawa hawakuipata. Kampuni ikapekua mifumo yake kutafuta kasoro hiyo, isiione. Tarehe 13 Mei wadukuzi wakaingia kupitia mlango ule ule, mfumo wa kupokea malalamiko ya wateja, wakakaa humo mpaka mwisho wa Julai. Kulikuwa na chombo cha kuchunguza mawasiliano yanayotoka nje, lakini hati yake ya kielektroniki ilikuwa imekwisha muda, kwa hiyo mawasiliano hayo yalipita bila kukaguliwa. Siku hati ilipohuishwa, tarehe 29 Julai, ndipo wezi walipoonekana.

Watu wapatao milioni 147 waliibiwa habari zao: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, namba za hifadhi ya jamii. Mwezi Septemba mwaka ule mkuu wa kampuni aliacha kazi. Mwaka 2019 Equifax ilikubali kulipa dola zisizopungua milioni 575, na huenda zikafika milioni 700.

Ni kweli kwamba orodha ya zamani haikuwa sababu pekee. Lakini angalieni jinsi kosa lenyewe lilivyo dogo. Hakuna aliyelala kazini usiku ule. Hakuna aliyekataa kutuma onyo. Mtu amehama idara, mwingine amechukua nafasi yake, na hakuna aliyerudi kwenye orodha kufuta jina moja na kuandika jingine. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa haukuwa kwenye msimbo peke yake. Ulikuwa pia kwenye orodha ya majina.

KENGELE ZIKIZIDI

Wapo watakaosema, basi tuwatumie watu wote kila kitu. Hilo nalo ni kosa. Barua iliyopelekwa kwa watu 400 kila mmoja huisoma akidhani inawahusu wale 399.

Mwishoni mwa mwaka 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa habari za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Baadaye kampuni yenyewe ilikiri kwamba vyombo vyake vya ulinzi vilikuwa vimetoa dalili za uvamizi ule. Wataalamu wake waliziona, wakazipima, na wakaona hazihitaji hatua ya haraka. Katika baraza ambalo arifa mia zinaingia kwa siku, ya mia na moja haina sauti. Mtu aliyezoea mlio wa kengele huacha kuusikia, kama mkazi wa karibu na reli asivyolisikia treni.

Hivyo basi mwenye mradi achague. Kila maoni yanayoandikwa hayana haja ya kupigiwa kengele. Kasoro ya rangi ya kitufe isubiri asubuhi. Kasoro ya kilo 90 iende kwa mtu mmoja mwenye jina, tena asipojibu kwa muda uliowekwa, iende kwa wa pili mwenye jina. Na kasoro za usalama zisiandikwe kabisa katika daftari lililo wazi kwa umma. Miradi mikubwa huwa na anwani ya siri kwa ajili hiyo, kwa sababu ukitangaza kwamba mlango wa nyuma haufungi kabla fundi hajafika, wa kwanza kufika atakuwa mwizi.

MASWALI YA KUULIZA

Baadhi yenu mnaonisikiliza ni wakuu wa idara, wenye maduka, wajumbe wa bodi za shule na hospitali. Mnanunua programu, na muuzaji huja na tai yake kuwaonyesha picha nzuri kwenye skrini. Si lazima mjue msimbo. Kabla ya kutia sahihi, muulizeni mambo haya machache.

Mfanyakazi wangu akiona kasoro, anaiandika wapi? Kutoka hapo inamfikia fundi kwa njia gani: kwa kengele, au kwa mtu anayekumbuka kupiga simu? Jina la fundi huyo ni nani, na akiwa likizo ni nani? Kasoro ikirekebishwa, aliyeiripoti anaambiwa? Na mwisho, mara ya mwisho mlipoijaribu njia hiyo ilikuwa lini?

Muuzaji akijibu swali la kwanza kwa ufasaha na kuanza kukohoa kwenye la pili, mmeshajua hali ya bomba lenu.

Waswahili husema la mgambo likilia kuna jambo. Wahenga wetu walijua kwamba pembe hiyo ilipigwa kwa watu waliofahamiana, katika kijiji ambacho kila mtu alijua nani ana jembe na nani ana ngalawa. Sisi tunapiga pembe zetu katika miji na mabara ambako hatufahamiani. Ndiyo maana inatubidi tuandike majina, tena tuyapitie upya mara kwa mara.

Na yule mama lishe? Safari hii amwombe mjumbe namba ya simu ya fundi.